Kulwa, Doto na Kabula wa Katikati

Sogea. Sogea kidogo tena. Haya, hapo hapo. Sasa sikiliza.

Juu ya mlima wa mawe, pale Mwanza, alikaa msichana anaitwa Kabula. Alikuwa na miaka sita.

Na alikuwa anaogopa.

Aliogopa nini? Usiwe na haraka, nakuja huko.

Uani kwao, Mama na Baba walikuwa wanatengeneza boti. Boti yao wenyewe! Kutoka ubao wa kwanza mpaka msumari wa mwisho.

Mama alikuwa fundi seremala. Yeye alikata, yeye aliranda. Kwaru, kwaru, kwaru!

Baba alikuwa mwalimu. Yeye alisoma mchoro na kugonga misumari. Ko, ko, ko... "Aiii! Kidole changu!"

Lakini boti hii haikuwa kama boti nyingine. Zilikuwa boti mbili nyembamba, zinaunganishwa ziwe moja. Moja huku, moja kule. Katikati, sakafu ya mbao ya kukaa watu.

"Hawa ni mapacha," alisema Mama. "Na kwetu Usukumani, pacha wa kwanza ni Kulwa. Wa pili ni Doto."

Basi wakaitwa hivyo. Wa huku Kulwa, wa kule Doto.

Na pacha habaguliwi. Kulwa akipakwa gundi, na Doto apakwe gundi. Kulwa akipigwa msasa, na Doto apigwe msasa. Shwaa, shwaa, shwaa!

"Ila Kulwa ndiye anaanza!" alisema Mjomba Machibya, kaka yake Mama. "Siku zote, Kulwa kwanza!" Mjomba Machibya alipenda kukaa kwenye ndoo, anakunywa chai, anaelekeza watu.

"Shule zikifungwa, tutazunguka ziwa," alisema Baba. "Kisiwa hiki, kisiwa kile. Tutapika humo humo. Tutalala humo humo!"

Kabula akameza mate. Glu.

"Mama, Kulwa na Doto wanashikwa na nini?"

"Wanashikwa na boriti nne. Zinatoka kwa Kulwa, zinafika kwa Doto."

"Na boriti zinashikwa na nini?"

"Zinashikwa na kamba."

"Kamba tu?"

"Kamba tu, mwanangu. Wimbi likija, msumari unang'ang'ania halafu unakatika. Kamba inakubali kidogo, halafu inashika."

Mungu wangu! Kamba tu!

Sasa umejua Kabula aliogopa nini. Je, kamba zikifunguka? Mama ataenda na Kulwa, huku. Baba ataenda na Doto, kule. Na Kabula, katikati...

Chubwi!

Kabula alikula ugali, akawaza chubwi. Alioga, akawaza chubwi. Alifunga macho alale, akasikia ndani ya masikio yake: chubwi, chubwi, chubwi.

Asubuhi alikuja kunywa uji amevaa boya lake la rangi ya chungwa.

"Kabula, hapa ni jikoni," alisema Baba.

"Najua," alisema Kabula. Hakulivua.

Mjomba Machibya akacheka mpaka chai ikamwagika. "Wewe! Jina lako Kabula, mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na unaogopa maji? Mwoga wee, hata kivuli chako kinakukimbia!"

Kabula hakucheka. Akatoka nje, akajificha nyuma ya Doto.

Mama akaweka randa chini. Akamfuata, akachuchumaa.

"Unaogopa nini hasa?"

"Naogopa wewe utaenda huku," alisema Kabula. "Na Baba ataenda kule. Na mimi nitabaki peke yangu kwenye maji." Machozi yakamtoka.

Mama hakusema usiogope. Hapana. Alimfuta machozi kwa kanga.

"Hata mimi naogopa," alisema Mama.

"Wewe?"

"Mimi, tena sana. Kwa hiyo nakagua. Na wewe ukiogopa, kagua. Vuta kila kamba. Ikicheza, niite."

Kamba zilikuwa nane. Nne za Kulwa, nne za Doto. Kabula akavuta ya kwanza kwa mikono miwili.

"Kaza, Kulwa, kaza!
Kaza, Doto, kaza!
Msiachane, mimi niko katikati!"

Kamba haikucheza. Ya pili haikucheza. Zote nane hazikucheza.

Kesho yake akavuta tena. Kesho kutwa akavuta tena. Kila siku, kabla ya uji na baada ya uji.

"Kaza, Kulwa, kaza!
Kaza, Doto, kaza!
Msiachane, mimi niko katikati!"

Basi boti ikapakwa rangi ya bluu. Shule zikafungwa. Siku ikafika.

Na siku hiyo Mama akafanya nini? Akafungua kamba zote nane!

"Mamaaa! Unazifungua!" Kabula akamshika sketi.

"Njia ya mlimani ni nyembamba, Kabula. Mawe huku, mawe kule. Mapacha hawapiti wakiwa wameshikana. Tutawashusha mmoja mmoja, tutawafunga tena kule chini."

Majirani wote wakaja. Wakambeba Kulwa mabegani.

"Haya, twende!"
"Twendeee!"
"Polepole, jiwe!"
"Jiwe, poleee!"

Wakarudi, wakambeba Doto.

"Haya, twende!"
"Twendeee!"

Kabula alishuka nyuma yao, na boya lake la chungwa. Ziwa lilikuwa kubwa. Lilikuwa kubwa kuliko alivyolikumbuka.

Chapu, chapu, lilisema ziwa.

Mama na Baba wakaanza kufunga. Boriti ya kwanza: Kulwa, halafu Doto. Boriti ya pili: Kulwa, halafu Doto. Ya tatu: Kulwa, halafu Doto.

Boriti ya nne, Mama alikuwa tayari amesimama upande wa Doto. Akazungusha kamba mara moja. Akazungusha mara mbili.

"He! He! He!" akapiga kelele Mjomba Machibya. "Dada! Unaanza na Doto? Unamruka mkubwa? Kulwa kwanza!"

Watu wakacheka. Hata Mama akacheka. "Haya, nisamehe, Kulwa," alisema. Akaiacha kamba ya Doto. Akazunguka, akamfunga Kulwa. Akakaza kweli kweli.

"Tayariii!" alisema Mjomba Machibya.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakasukuma. Boti ikaingia majini. Inaelea! Inaelea!

Ngoja kwanza. Wewe unayenisikiliza, umeona? Nani amerudi kwa Doto?

Hakuna. Hakuna aliyerudi!

Baba akapanda upande wa Doto, akashika usukani. Mama akasimama majini. "Njoo, Kabula. Panda."

Kabula akatazama boti. Akatazama maji. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye.

Moyo wake ulidunda. Du, du, du, du.

"Panda, bwana!" alisema Mjomba Machibya. "Mpaka jua lizame ndiyo upande?"

Kabula alitaka kupanda tu, yaishe. Alitaka kurudi mlimani, akajifungie chumbani. Vyote viwili, kwa wakati mmoja.

Akasema kwa sauti ndogo, "Sijavuta kamba."

"Atiii?"

"Sijavuta kamba zangu."

Watu wakacheka tena. "Kamba amefunga fundi, wewe unavuta nini?"

"Mwacheni," alisema Mama. "Avute."

Kabula akaingia majini. Maji ya vifundoni. Maji ya magotini. Baridi! Akaanza kwa Kulwa. Sauti yake ilitetemeka, lakini alisema.

"Kaza, Kulwa, kaza!"

Moja, haichezi. Mbili, haichezi. Tatu, haichezi. Nne, haichezi.

Akaenda kwa Doto.

"Kaza, Doto, kaza!"

Moja, haichezi. Mbili, haichezi. Tatu, haichezi.

Akashika ya nne. Akavuta.

Kamba ikaja.

Ikaja tu. Ikaja, ikaja, ikaja, mpaka yote ikawa mikononi mwa Kabula. Na boriti ikateleza. Kriiii!

"Mamaaa! Inacheza!"

Hakuna aliyecheka. Ziwa tu: chapu, chapu.

Mama akaitazama kamba. Akatazama ziwa, kule mbali kwenye mawimbi makubwa. Akakaa kwenye maji na nguo zake zote. Pwaa!

Akamvuta Kabula, akamkumbatia. Akamkumbatia na boya lake.

"Kule mbali," alisema Mama, "kule mbali ingefunguka." Hakumaliza. Alikuwa analia.

Mjomba Machibya akavua kofia. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi na Kulwa kwanza yangu. Na nimemwita mtoto mwoga."

"Kaka, wahenga walisemaje?" alisema Mama. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Mjomba Machibya akainamisha kichwa. Kisha akamshika Kabula mkono, kwa heshima kabisa. "Basi, mama yangu mdogo, leo mimi naenda kwa mwoga."

Mama akaifunga kamba ya nne ya Doto. Akazungusha mara moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kabula akashika mwisho wa kamba, akavuta kwa nguvu zake zote. Mjomba Machibya akavuta nyuma yake. Baba akavuta nyuma ya Mjomba.

"Kaza, Doto, kazaaa!"

Haichezi. Haichezi hata kidogo.

"Sasa huogopi tena?" aliuliza Baba.

Kabula akafikiri. "Naogopa," alisema. "Bado."

"Panda na woga wako," alisema Mama. "Nafasi ipo."

Kabula akapanda. Akakaa katikati, kwenye sakafu ya mbao. Akashika ubao kwa mikono yote miwili. Mama akapandisha tanga. Fuuup! Boti ikaenda.

Kulwa akapanda juu, Doto akashuka chini. Doto akapanda juu, Kulwa akashuka chini. Boriti zikalia, kriii, kriii. Kabula akafumba macho kabisa.

"Mama, uko huku?"

"Niko."

"Baba, uko kule?"

"Niko."

Mawimbi yakaja. Chapu! Chapu! Kabula akashika ubao zaidi. Vidole vikauma.

"Mama?"

"Niko, mwanangu."

"Baba?"

"Niko, niko."

Mlima wa mawe ukawa mdogo. Majirani wakawa wadogo, wanapunga mikono. Kulwa akapanda, Doto akashuka. Doto akapanda, Kulwa akashuka. Hawakuachana.

Sasa, nikwambie kitu. Kabula alikuwa hajalala vizuri siku tatu nzima, kwa woga. Siku tatu! Na jua lilikuwa la joto, na ubao ulikuwa wa joto.

"Mama?" Sauti ilikuwa imelegea.

"Niko."

"Baba?"

"Niko."

Mama akangoja aulizwe tena. Baba naye akangoja.

Kimya.

Vidole vya Kabula vilikuwa vimeuachia ubao. Kimoja kimoja, vyote kumi. Alikuwa amelala, katikati kabisa, mdomo wazi, mchana kweupe.

Sasa ongea polepole na wewe. Utamwamsha.