Nilimwonea Haya Baba Mkwe, Risasi Ikamkuta Rafiki Yangu

Nina miaka arobaini na miwili, mke mmoja na watoto watatu. Nilizaliwa kwenye milima ya Kivu ya Kusini, nikakulia kambini, na kwa miezi saba nilikuwa nikiishi peke yangu katika chumba kimoja huku East Side, Buffalo. Mke wangu Neema na watoto wako Louisville. Hatukugombana wala hatukuachana... Nilikimbia! Nilimkimbia mtu asiyeweza hata kunifuata, kwa maana mguu wake mmoja haufanyi kazi, na chanzo ni mimi.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwoga. Nalisema mapema msije mkadhani mnasoma habari za shujaa. Bunduki zilitutoa nyumbani mara tatu nikiwa mdogo. Hata baada ya kufika Amerika, pale ghalani Louisville nilipokuwa nikipakia mizigo, paleti ya mbao ya kubebea mizigo ikianguka nilikuwa najitupa chini na kujifunika kichwa. Mara ya kwanza wenzangu walicheka. Mara ya pili hawakucheka tena, na hilo liliniuma zaidi.

Mzungu mmoja mtu mzima, tuliyekuwa naye zamu moja, ndiye aliyenionea huruma. Aliniambia woga wangu utapungua nikiijua bunduki kwa mikono yangu mwenyewe. Akanipeleka kwenye klabu yao ya kulenga shabaha, nje ya mji.

Siku ya kwanza nilitapika! Sitanii. Lakini siku hiyohiyo nilisikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani. Mlio wa bastola, kisha... ting! Risasi ilikuwa imegonga sahani ya chuma. Kwetu mlio wa bunduki ulifuatwa na kilio cha mtu. Hapa ulifuatwa na sauti kama ya kengele ya kanisa, na watu wakapiga makofi. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Baada ya mwaka mmoja paleti zilikuwa zikianguka nami naendelea na kazi yangu. Nilidhani nimepona.

Hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Klabu ile haikuwa na mashindano ya sahani za chuma, na wanachama waliyafuata mbali sana. Nikasema nitayaanzisha mimi! Wazee wa klabu waliniangalia, kisha wakasema sawa: nifanye mafunzo ya usalama, nilete sahani na vyuma vya kuzisimamishia, nao watanipa uwanja Jumamosi moja kila mwezi.

Nilikwenda kwa Bahati. Bahati na mimi tulilala chini ya turubai moja kambini, tukala sahani moja, na alipooa mimi ndiye niliyesimama kando yake. Louisville alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kiwandani. Nilipomweleza alishika kichwa.

"Papa Grâce," aliniambia, maana kwetu mtu huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "weye uko na akili muzuri kweli? Ile kitu njo ilitukimbiza, sasa weye unaifwata?"

Nilimbembeleza wiki nzima. Mwishowe akasema, "Bon, miye nitatengeneza ma-chuma, na nitaandika ma-points. Lakini ile bunduki sitaishika hata siku moja."

Akatengeneza vyuma hivyo nyuma ya nyumba yake, vizuri hata wazungu wakavipiga picha. Siku ya mashindano aliketi kwenye meza ndogo nyuma ya mpigaji, miwani ya kukinga macho usoni, akiandika muda wa kila mtu. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Kuna sahani tano, kifaa kinalia piii, unazifyatulia haraka uwezavyo, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi.

Sheria iliyo juu ya zote ni moja: mtutu uangalie mbele. Ukigeuka na bastola mkononi, hata nusu tu, hata bila kufyatua, unasimamishwa na kurudishwa nyumbani siku hiyo. Hakuna mkubwa wala mdogo. Na mwenye kazi ya kusema "Stop!" nilikuwa mimi, maana ndimi niliyesimama begani kwa mpigaji.

Mashindano mawili ya kwanza yalikwenda vizuri. Watu wa kanisani wakaanza kuniita Kamanda, nami nikaitika! Sifa zilifika mpaka Columbus, mtaa wa Clintonville, anakokaa Mzee Yakobo, baba yake Neema. Akapiga simu kwamba anakuja kuona mkwe wake anafanya nini na wazungu.

Hapa ndipo penye kidonda changu. Nyinyi mliolelewa kama mimi mnajua mkwe kwetu ni nani. Mbele ya baba mkwe sipazi sauti. Simpiti mbele, simkatizi, simwambii amekosea. Nikiwa na neno la kumwambia, nalipitisha kwa Neema, naye hulifikisha kwa lugha ya mtoto kwa baba yake. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa sijawahi kumwambia Mzee Yakobo hata kwamba chai imepoa.

Alikuja na koti lake la kanisani, akasema naye anataka kushindana. Nilimkopesha bastola yangu ndogo. Ilinipasa kumsomea sheria kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza hakimpandi. Kwa Kiingereza sheria inasema atakayegeuka atafukuzwa. Nitamwambiaje baba mkwe kwamba nitamfukuza? Nilimwambia, nikiangalia viatu vyangu, kwamba tafadhali Papa, tunapenda wote tuangalie mbele.

"Miye nilishika bunduki mbele weye uzaliwe," alinijibu, na watu wetu waliokuja naye wakacheka.

Mzunguko wa kwanza alipiga sahani tatu kati ya tano. Ting, ting, ting! Makofi yakalia. Kwa furaha akageuka kuwaangalia wale waliokuwa wakishangilia... na bastola ikageuka pamoja naye. Mtutu ulipita usawa wa tumbo langu, ukaenda hadi karibu na meza ya Bahati, ukarudi. Ilikuwa muda wa kupepesa macho tu.

Woga wa utotoni ulirudi mzima mzima. Neno "Stop" lilinifika kooni, nikalimeza! Wazungu walikuwa mbali kidogo wakijaza risasi, hawakuona. Nikajiambia amegeuka mara moja tu, hatarudia. Nikajiambia leo jioni nitamwambia Neema, Neema atamwambia baba yake, na mwezi ujao mambo yatakuwa sawa.

Mzee alipoiweka bastola mezani, Bahati aliniita kando. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Papa Grâce, muzee aligeuka ao hapana?"

Alikuwa akiniuliza rafiki yangu wa turubai moja, aliyekuwa ameketi nyuma ya mtutu ule. Alitaka neno moja tu. Na Mzee alikuwa hatua chache kutoka hapo, akisikia.

Nikasema, "Hapana, hakugeuka."

Bahati aliniangalia kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye meza yake. Jamani... akarudi kwenye meza yake!

Mzunguko wa pili, baada ya risasi mbili, bastola ilikwama. Mpigaji aliyefundishwa hubaki anaangalia mbele na kungoja. Nani alikuwa amemfundisha Mzee Yakobo? Aligeuka mzima, bastola mkononi, akinionyesha huku anaitikisa na kuvuta huku na huku. "Mukwe, hii chombo yako imekufa!" alisema.

Haikuwa imekufa.

Sikusikia ting. Nilisikia mlio, kisha nikasikia kile nilichokisikia utotoni. Bahati hakupiga kelele nyingi. Alisema "Eeh, Mungu wangu," mara moja, akainama juu ya karatasi zake. Risasi ilikuwa imeingilia chini ya tumbo upande wa kushoto.

Mimi, Kamanda, nilijitupa chini na kujifunika kichwa. Wazungu wawili ndio waliomkimbilia, wakamlaza, wakamkandamiza jeraha mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Nilikuwa bado nimelala kwenye kokoto, na nilikuwa nimejikojolea.

Wakaja askari wa kaunti. Niliogopa. Nitafungwa? Tutarudishwa tulikotoka, mimi na watoto? Waliuliza kama mzee yule alikuwa amefanya jambo lolote la hatari kabla ya hapo. Mzee Yakobo alikuwa ameketi kwenye gari, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, ananiangalia. Nikajibu hapana. Bastola ilikwama, ni bahati mbaya. Wakaandika hivyo, nao wazee wa klabu wakayafunga mashindano yangu siku hiyohiyo.

Bahati alikaa hospitali wiki tano. Hakufa, sifa kwa Mungu. Lakini risasi iliharibu mishipa ya mguu wa kushoto, na fundi asiyeweza kusimama kiwandani nani anamhitaji? Mkewe aliacha kuzungumza na watu. Kila simu ilipolia nilishtuka, nikidhani Bahati ameshaambiwa ukweli.

Nilikwenda kumtembelea mara mbili tu. Hakunilaumu! Jumapili aliyoletwa kanisani kwa kiti cha magurudumu, kuna watu walinong'ona kwamba nilizembea kwa kumwogopa mkwe. Bahati aliomba kipaza sauti. Akasema mbele ya wote kwamba ananijua tangu kambini, kwamba kama ningeona hatari ningesema, na anayenisema vibaya aje amseme yeye kwanza.

Watu waliitika amina. Mimi nilitoka nje nikashikilia ukuta. Ni heri angenitemea mate!

Wiki ile nilimwambia Neema nimepata kazi nzuri zaidi Buffalo, kwenye nyumba ya kutunza wazee, kwa njia ya binamu yangu. Kazi ilikuwepo kweli, ila ilikuwa na mshahara mdogo kuliko wa ghalani. Neema hakuwa mjinga, aliona kuna jambo. Grâce aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, nitarudi lini. Nilibeba begi langu nikatoka.

Huku nilikuwa nawageuza wazee kitandani mchana, na kila mmoja aliyelala kwa ubavu wa kushoto alikuwa Bahati. Sikuweza kula vizuri. Mlango ukijifunga kwa nguvu, nilikuwa chini tena. Kumbe sikuwahi kupona.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilimpigia Neema nikamweleza yote, hata kile nilichokiona mzunguko wa kwanza. Nilitegemea atamtetea baba yake. Alilia kwa hasira.

"Ulikuwa na simu mu mufuko!" alisema. "Juu ya nini haukunipigia? Papa ningemuambia miye, dakika moja tu!"

Wasomaji, sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nikamwomba basi, yeye ndiye aende kwa Bahati akamwambie kwa niaba yangu. Akakata simu.

Basi nikaamua kwenda mwenyewe, nikaendesha gari tangu alfajiri kutoka Buffalo kwenda Louisville. Nilipofika Columbus niliona kibao cha barabara ya kwenda kwa Mzee Yakobo, nikapita. Nakiri hilo pia.

Bahati alikuwa sebuleni, mguu umeinuliwa juu ya stuli. Sikuketi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, haraka, nisije nikageuza njia. Nilimwambia kwamba Mzee aligeuka mara ya kwanza, kwamba nilimwona wazi, kwamba aliponiuliza nilimdanganya kwa kumwonea haya mkwe wangu.

Nilingoja matusi, au fimbo yake.

Bahati alisema taratibu, "Nilimuona."

Sikuelewa.

"Nilimuona na macho yangu, Papa Grâce. Lakini weye ulisema hakugeuka. Nikasema, donc, kama ni Papa Grâce njo anasema, basi macho yangu njo inanidanganya. Nikarudia kuikala pa meza."

Halafu akaniomba nimsogezee maji, kwa kuwa hayafikii. Nilimsogezea. Nikaaga, nikarudi Buffalo, na mpaka leo hajapokea simu yangu.

Ndugu zangu, nimeandika haya si kwa sababu ya bunduki peke yake. Wako wanaoendesha gari na mjomba aliyelewa, wanaona haya kumnyang'anya ufunguo. Wako wanaofanya kazi ya hatari kiwandani chini ya mtu mzima anayekosea, wananyamaza. Nawasihi, semeni! Semeni palepale, kwa sauti, kwa mdomo wenu wenyewe, na kama ni kupiga magoti kuomba radhi, pigeni baadaye. Mkwe akikasirika atatulia. Bahati alikuwa na miguu miwili.

Nimeshaacha chumba cha Buffalo, narudi Louisville kwa mke wangu. Lakini kesho napitia Columbus kwanza. Nitabisha mlango wa baba mkwe wangu, nitamtazama usoni, nitamwambia alichokifanya na nilichokifanya. Naogopa... naogopa sana. Neema nimemwomba asimpigie baba yake simu kunitangulia.