Karata Iliyongoja Nyuma

Kinyozi ndiye aliyeiona kwanza, na kwa kuwa kinyozi yule hakunyamaza hata usingizini, kila mtu ukumbini alisikia.

"Fundi, njoo umwone bibi yako. Katupa kisogo."

Ukumbi wa michezo ya kamari haukuwa na dirisha hata moja. Mchana na usiku humo ndani vilikuwa mapacha. Fundi akaweka bisibisi mfukoni, akaenda huku akinung'unika. Kwenye mashine ya poka iliyokaa pembeni, kongwe kuliko zote, karata tano zilikuwa zimetandazwa kiooni, na ya mwisho alikuwa bibi wa shupaza. Taji lile lile, ua lile lile mkononi. Ila uso hakuwa nao. Alikuwa amechorwa kwa nyuma, nywele zimebanwa juu, shingo wazi.

"Mimi visogo ndio mkate wangu," kinyozi alisema. "Hiki kinadai wembe."

Watu wakacheka.

"Picha imeharibika," fundi akasema. "Cheza au ondoka, usinifanyie mkutano hapa."

Kinyozi akacheza. Alishika karata nne, akaiachia ile ya kisogo, na iliyokuja mahali pake ilikuwa kisogo kile kile. Akaacha kucheka, akanyanyuka, akatoka bila kuaga.

Fundi aliifungua mashine. Picha zote hamsini na mbili zilikuwemo, na bibi wa shupaza alimtazama usoni kama siku zote. Picha ya kisogo haikuwemo. Kilichokuwemo ni harufu, pale ambapo pangenuka vumbi na waya moto: harufu ya nywele zilizolowa.

Asubuhi yake alipita kwa kinyozi. Wateja walikuwa wamejaa kwenye benchi. Kinyozi alikuwa kitini, mkasi mapajani, ameukodolea macho ukuta.

"Kaamka hivyo," mteja mmoja akanong'ona. "Ukimzunguka umwone uso, anageuka. Wala miguu hainyanyui."

Tajiri wa ukumbi alimkuta fundi amesimama mbele ya mashine ile, mikono kiunoni.

"Si nilikwambia ubadilishe bodi ya mashine hii?"

"Bodi yangu ina kosa gani?"

"Ni ya zamani."

"Ni ya haki!" Hasira za fundi zilikuwa karibu kama kiberiti. "Ndani ya kila mashine kuna kidude kinachotoa namba, maelfu kabla hujapepesa jicho, uwepo usiwepo. Ukibonyeza, zinakamatwa zile zilizokuwa zinapita, na namba ndizo karata. Sawa? Sasa bodi yangu inakamata kumi mara moja. Tano unaziona, tano zinakaa nyuma yake. Ukiachia karata, ya nyuma yake ndiyo inakuja. Imeshaamuliwa, hakuna wa kuigusa, si mimi wala wewe. Hiyo bodi yako mpya inaendelea kuchanganya mpaka mtu abonyeze mara ya pili. Nani ajuaye inachanganya nini wakati mtu anafikiri?"

"Basi nionyeshe hiyo haki yako," tajiri akasema, akaenda zake.

Bodi mpya ilikuwa kwenye droo ya fundi, haijatolewa hata kwenye nailoni.

Mkewe ndiye aliyekaa kwenye kaunta ya malipo. Fundi akamwita.

"Njoo unibonyezee, nami nitazame ndani."

"Mashine ile siipendi, mume wangu. Nikiipita, shingo inanisisimka."

"Unaogopa picha?"

"Naogopa ubishi wako. Picha haijanifanya kitu."

Lakini alikuja, kwa sababu ndivyo walivyoishi, yeye akimtania, mume akichemka, kisha wakila sahani moja. Akabonyeza. Karata tano, zote salama.

"Shika nne, achia moja," fundi akasema, kichwa kikiwa ndani ya mashine.

"Ipi?"

"Yoyote, mama, yoyote. Bonyeza tu."

Alisikia kitufe. Kisha akasikia harufu. Alipotoa kichwa, bibi wa shupaza alikuwa amekaa kiooni na kisogo chake, na mkewe alikuwa akigeuka polepole, kama mlango unaosukumwa na upepo, mpaka akaelekea ukutani.

Fundi akafungua ukurasa wa ukaguzi, ule unaoonyesha karata za mbele kwa juu na za nyuma kwa chini. Chini palikuwa na kisogo, na kisogo, na kisogo, mara tano, bibi mmoja ambaye katika karata zote hamsini na mbili hupatikana mara moja tu.

"Mke wangu," akaita kwa sauti ya chini. "Nigeukie."

Alimzunguka kutoka kulia na shavu lake likamkimbia, akamzunguka kutoka kushoto na shavu likamkimbia, na nyumbani ikawa hivyo hivyo, akipika ameelekea ukuta, akijibu "naam" na "bado" kwa sauti iliyogonga tofali kwanza ndipo ikamfikia, na alipolala alilala ubavu, na fundi alipohamia upande wa pili wa kitanda ili amwone japo macho alikuta nywele zile zile, shingo ile ile, na harufu ile ya maji ambayo haikuwa ya sabuni yao wala ya mafuta yao.

Akaenda kumleta mganga. Mganga alikuwa mtu mfupi mwenye mafua. Hakutazama mgonjwa; alitaka kupelekwa kwenye mashine, akataka aelezwe. Fundi akaeleza, safari hii bila makelele.

"Kwa hiyo zile tano za nyuma," mganga akasema, akipenga kamasi, "zimeshaamuliwa, na hakuna anayeziona."

"Ndiyo."

"Mpaka mtu aachie."

"Ndiyo."

"Umelijengea jini chumba, mwanangu. Kwenye namba zinazokimbia jini halipati pa kukaa. Linataka mahali palipokwisha kuamuliwa, kisha pakafunikwa. Linasimama hapo linangoja."

"Mimi nilitaka haki."

"Sijasema hukutaka."

Fundi akaifungua droo. Mganga alisoma dua akipiga chafya, fundi akang'oa bodi kongwe na kupachika mpya. Mashine ilipowaka ilitoa mlio mmoja mrefu, kisha kimya. Harufu ikakatika. Ukurasa wa ukaguzi, upande wa chini, ulikuwa mtupu: hakuna lililoamuliwa.

"Limekwenda wapi?" fundi akauliza.

"Anayefukuzwa haagi," mganga akasema.

Nyumbani alimkuta mkewe ameelekea mlangoni. Macho, pua, kovu dogo la kidevuni, vyote mahali pake. Fundi akalia bila aibu.

"Miguu inaniuma," mkewe alisema. "Nimesimama sana."

Wakala sahani moja. Mke akamtania kuhusu bodi, naye kwa mara ya kwanza hakubisha.

Siku zikapita. Kinyozi naye alirudi kazini, na maneno yake yakarudi pamoja naye. Fundi akaenda kunyolewa. Alikaa, akangoja kinyozi apite nyuma yake. Hakupita. Alisimama mbele, akanyoosha mikono juu ya kichwa cha fundi, akanyoa kisogo kwa kupapasa, akitabasamu. Alipotaka kitambaa kilichoning'inia nyuma, alirudi kinyumenyume. Kioo kikubwa cha ukutani alikuwa amekifunika shuka.

Fundi alitembea kwenda nyumbani akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona mkewe akiondoka. Akimpa chakula, hurudi jikoni kinyumenyume. Kitandani, uso. Mlangoni, uso. Na kilemba, ambacho zamani alikivua akiingia tu, sasa hakivui hata akilala.

Alimkuta amesimama, anakunywa maji, bilauri kubwa, kwa mkupuo mmoja mrefu, macho yake yakimtazama kwa juu ya ukingo. Fundi akasogea kama anayetaka kumkumbatia. Akapitisha mkono begani, akauingiza taratibu chini ya kilemba, akaweka kiganja kisogoni.

Mkewe hakuacha kunywa. Koo lilikuwa likipanda na kushuka, maji yakipita, hapakuwa na nafasi ya kuvuta hewa.

Na kiganjani mwa fundi pakaja joto, likaondoka, likaja tena, taratibu, kama pumzi ya mtu anayengoja.