Chapuchapu na Chupa ya Mnanaa

Asubuhi ya fainali nyumba nzima ilikuwa mguu sawa. Mama alipiga pasi jezi ya kijani, redio ilibwata sebuleni, na Chapuchapu alizunguka kila chumba akiimba jina la timu. Kaka yake ndiye aliyekuwa golikipa! Lakini kaka mwenyewe alikuwa ameketi kitandani akiugulia bega. Jana alijirusha sana mazoezini, na sasa mkono haukupanda hata usawa wa sikio.

"Kocha akiniona hivi, ataniweka benchi," alisema kwa unyonge.

"Thubutu! Ngoja nikutibu."

Kufumba na kufumbua, Chapuchapu alishafika nyumba ya pili, kwa shangazi yao anayeuza mafuta ya mimea. Shangazi alimpa kichupa cha mafuta ya mnanaa.

"Haya ni makali, mwanangu. Kwanza chukua..."

Loo! Mtoto alishatoka, kandambili zikilia pa! pa! pa! Jina lile hakupewa bure.

Alimimina nusu chupa begani kwa kaka, akasugua kwa nguvu zote.

"Aa, ubaridi mtamu!" kaka alitabasamu. Mara macho yakamtoka. "Mama wee! Naungua!"

Akakimbilia bombani kujimwagia maji. Wapi! Mwako ulizidi.

"Shangazi ndivyo alivyokuelekeza?" aliuliza huku akirukaruka.

Chapuchapu alitamani kusema ndiyo. Lakini akasema kweli: "Hapana, kaka. Sikumsubiri amalize. Kosa ni langu."

Akatoka mbio tena, akarudi akimvuta shangazi mkono. Shangazi alilifuta bega kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha akaliosha kwa sabuni.

"Maji matupu hayaondoi mafuta ya mnanaa," alieleza.

Mwako ulipotulia, alichanganya matone mawili ya mnanaa katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Alijaribisha kidogo mkononi mwa kaka, wakasubiri, kisha akamkanda shingoni na mgongoni, mahali ambapo ngozi haikuungua. Taratibu mkono ukapanda, ukapita sikio, ukafika juu!

Uwanjani kaka alimweleza kocha yote. Kocha alimpigia mashuti kadhaa, akaridhika.

Dakika za mwisho, timu ya kaka ikiongoza kwa bao moja, wapinzani wakapata penalti! Chapuchapu alimkumbatia shangazi. Mpira ukapigwa, kaka akajirusha, akaupangua. Uwanja ulilipuka kwa shangwe! Hata mpigaji alicheka: "Golini kwenu kunanukia peremende!"

"Unaona," shangazi alisema baada ya filimbi ya mwisho, "mafuta yaleyale yaliyomuunguza ndiyo yaliyomsaidia. Ukipewa dawa, msikilize anayekupa mpaka mwisho. Na maumivu yasipoisha..."

Wachezaji walianza kuzunguka uwanja na kombe. Miguu ya Chapuchapu ilimwasha, lakini alisimama palepale.

"Yasipoisha, shangazi?"

"Mnakwenda zahanati." Shangazi akacheka. "Haya, nimemaliza. Kimbia!"