Bwana Harusi wa Kwenye Kioo

Kiti cha bwana harusi kilikuwa kitupu, lakini kwenye kioo mto wake ulikuwa umebonyea.

Madina ndiye aliyeuona kwanza. Alikuwa chumbani na binti yake Leila, mbele ya kioo kilichong'olewa kwenye kompyuta iliyokufa, wakimngoja Lukumani, mume wa Madina, amalize kujaribu mtambo wake huko uani. Ijumaa ya wiki ya pili Leila angeolewa na Daudi, mwalimu mwenzake wa Bengamisa. Na kwa kuwa akdi hufungwa upande wa wanaume, na wanawake wa ukoo ule tangu mababu husikia sauti tu nyuma ya ukuta, Lukumani alikuwa ameapa mbele ya mtaa wao wote, commune nzima ya Tshopo, kwamba safari hii wataona kwa macho.

Msiniulize kama aliweza. Fundi yule angewasha televisheni kwa kuikoholea tu. Alichukua kamera, akaielekeza kwenye viti viwili vya uani, cha baba na cha bwana harusi, akachukua kioo, katikati akaweka puce, kidude cheusi kidogo kuliko ukucha, ambacho dukani hutoka bila akili yoyote. Kazi yake unakiandikia wewe mwenyewe. Lukumani alikiandikia moja: pokea picha kutoka kwa kamera, mstari baada ya mstari, peleka kwenye kioo. Hakiweki kitu. Kamera isichokiona, kioo hakikipati. Shikeni hilo.

"Madina! Picha iko muzuri?"

"Picha iko. Sauti haiko. Sema kitu!"

"Niseme nini?"

Rafiki zake Djuma na Rachidi walikuwa pembeni na vikombe vya chai. "Sema maneno ya siku yenyewe," Djuma akamchokoza. "Ama utatetemeka, baba mukwe?"

Lukumani kutetemeka! Aliketi kwenye kiti chake, akasafisha koo, akanyoosha mkono kuelekea kile kiti kitupu, akasema bila kumeza neno: "Nimekuozesha binti yangu Leila."

Djuma na Rachidi wakacheka. Chumbani hakuna aliyecheka, maana kwenye kioo mkono wa Lukumani ulikuwa umeshikwa.

"Papa," Leila akaita, sauti chini. "Nani ile mutu ya kanzu unashikana naye mukono?"

"Mutu gani? Apa hakuna mutu."

"Amejibu, papa. Amesema amekubali."

Lukumani akaingia, akaona. Akafanya kama fundi: akatafuta kosa. Akaleta kamera ndani, akaziba jicho lake kwa kiganja, kioo kikawa giza isipokuwa kanzu. Akakiandikia puce upya kisionyeshe kitu ila mistari ya rangi, nyekundu na kijani na buluu, na yule mtu akaja kuketi mbele ya mistari ile kama mgeni aliyebadilishiwa pazia, ametulia, hana haraka, na chumba kikaanza kunuka tope la mto, lile la chini kabisa lisiloonaga jua, na spika ikawa inavuma polepole, kama kifua cha mtu anayepumua karibu na sikio lako.

Basi akachomoa nyaya zote, akafunika kioo kwa kitenge. "Hakuna kusema kwa mutu," alinong'ona. "Mutaniletea haya."

Haya! Siku zikapita. Leila akaacha kula, akawa analala mchana kutwa, na ile harufu ya tope ikahamia mlangoni pake. Siku moja kabla ya harusi Madina akachoka kunyamaza, akaenda kumleta Mwalimu Mohamadi, anayefungisha ndoa na anayejua kuongea na majini.

Mwalimu hakuuliza habari za jini. Aliuliza habari za ndoa.

"Baba wa binti alikuwako?"

"Ni mimi," alisema Lukumani.

"Mashahidi?"

Djuma na Rachidi, walioitwa nao waje, wakainua vidole.

"Na muoaji alikubali. Basi umeozesha."

"Mwalimu! Mi nilikuwa najaribu appareil, mutambo tu!"

"Katika ndoa, mchezo na kweli ni sawasawa. Kesho siwezi kumupa Daudi bibi ya mutu."

Lukumani akanyakua nyundo.

"Vunja," Mwalimu akamwambia. "Atabaki mume, na sisi tutakosa pahali pa kumusemesha. Washa."

Kioo kikawashwa. Udi ukachomwa. Mwalimu akasoma, akabembeleza, akatishia, akasoma tena mpaka kanzu yake ikamganda mgongoni, na yule wa kwenye kioo akawa anasikiliza kichwa upande, kwa adabu, mpaka mwisho spika ikaacha kuvuma na sauti ikatoka, safi, kama ya mtu wa mtaa wa pili.

"Nimemuacha. Talaka moja."

Lukumani aliruka. "Mumesikia? Jini mwenyewe ameniogopa! Moja inatosha, Mwalimu?"

"Inatosha," alisema Mwalimu, akipangusa jasho. "Kama hajamuingilia, hakuna hata eda. Bila eda hawezi kumurudia tena; ndani ya eda angeweza. Kesho Leila anaolewa na Daudi wake."

Madina akapiga kigelegele, kikamkatikia njiani. Wote walimgeukia Leila, wakingoja neno dogo tu: hapana, hajaniingilia.

Leila alivuta kitenge chake kikafunika tumbo.

"Mwalimu," aliuliza polepole. "Na kama iko mimba?"

Kwenye kioo, mwenye kanzu akavuta kiti chake karibu, asikie vizuri.