Chupa Ndani ya Mkoba wa Santuri

Nokia ilitetemeka mfukoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mgonjwa kaingia kwa daktari. Dawa anayo."

Ikakatika.

Maana yake msafirishaji kashaingia klabu, na sumu anayo. Chupa ndogo kama kidole, imevushwa mpakani leo asubuhi. Tone moja likigusa ngozi, umekwisha. Tiba hakuna. Mnunuzi katoka nje ya nchi, naye anataka kuimwaga kwenye tangi la maji la mji mzima.

Jasusi akaacha bastola yake ya Glock ndani ya gari. Mlangoni wanapapasa hadi soksi.

Kazini walimwita Kitunguu. Kila aliyejaribu kummenya alilia.

Akashuka ngazi.

Klabu ilikuwa chini ya duka la mazulia. Jumapili mchana, juu jua kali, huku chini giza, jasho na besi inayokugonga kifuani. Hakuna bango. Unaambiwa na mtu, naye aliambiwa na mtu. Wanapiga soulful house tupu: kinanda, ngoma, na mwanamke anayeimba kama aliyefiwa akasamehe. Watu wanacheza macho wamefumba.

Ndani ya kibanda cha vioo, DJ wa klabu yenyewe. Mdogo wake Kitunguu. Tumbo moja.

Hilo Shangazi, mkuu wake wa kazi, hakulijua.

"Muuza matairi kaja!" Dogo alichungulia mlangoni mwa kibanda. "Kaka, cheza basi, umesimama kama nguzo ya umeme!"

"Nacheza moyoni."

"Moyoni! Hata harusini kwako ulikuwa unakanyaga mende."

Kitunguu alicheka. Macho yalikuwa kazini. DJ wageni kadhaa walisubiri zamu, kila mmoja na mkoba wake wa santuri. Mmoja wao si DJ.

Yupi?

Pale ndani kuna sheria moja. Ukipokea zamu, humkati mwimbaji. Unamsubiri amalize, ndiyo unaingiza wimbo wako polepole. Hata mlevi anajua.

Mgeni mwenye kofia akaingia kibandani. Mwimbaji alikuwa katikati ya neno. Jamaa akanyanyua sindano kwenye santuri.

Kimya.

Umati mzima ukamgeukia. "We! Umelelewa wapi?" mama mmoja akafoka.

Huyo hapo.

Pembeni, mwanamume wa suti ya kijivu akaanza kukisogelea kibanda, mkono mbele kuupokea mkoba. Mnunuzi.

"Kofia na suti ya kijivu," Kitunguu alinong'oneza kwenye kinasa sauti ndani ya mkono wa shati.

"Wabebe. Chupa isipasuke," Shangazi akajibu sikioni.

Kiwiko kwenye koo. Suti ikadondoka kama gunia. Kofia akaona. Akautupa mkoba ukutani, akachomoka mbio.

Mwenye akili zake angeuacha uanguke.

Dogo ni DJ. Yeye aliona santuri angani, vitu ambavyo vikivunjika huvipati tena popote. Akajirusha, akaukumbatia mkoba, akaanguka nao humo humo kibandani.

Ti. Chupa ikapasuka ndani ya mkoba.

"Nimezidaka!" Alicheka. Kisha akatazama mikono. Imelowa. "Hii nini, kaka? Inanata."

Kitunguu alikuwa ameshamfunga Kofia pingu za plastiki. Akasimama mbele ya kibanda.

"Funga mlango, Dogo."

"Nini?"

"Funga. Usimguse mtu. Usinipe mkono."

Dogo alizitazama zile pingu. Akautazama waya wa sikioni.

"Kumbe huuzi matairi."

"Siuzi."

"Twende hospitali basi."

Kitunguu akatikisa kichwa. Alimdanganya miaka yote. Hili lilimshinda.

Dogo akaelewa. Akafunga mlango kwa ndani. Akashika maikrofoni.

"Jamani, kuna hitilafu ya umeme. Tokeni taratibu, msisukumane."

"Aaa, DJ! Ndo tunaanza!"

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo usituletee huyo wa kofia!"

"Simleti."

Walitoka wakicheka. Vijana wa Shangazi wakawakokota wale wawili. Wakabaki ndugu, na kioo katikati.

Dogo alikaa sakafuni. Midomo ilianza kutetemeka.

"Mama utamwambia nini?"

"Sijui."

"Mwambie ni shoti. Umeme anauelewa."

"Sawa."

"Kaka."

"Niko hapa."

"Usiangalie."

Kitunguu aliangalia. Mpaka mwisho.

Kisha akapanda ngazi. Hakukimbia. Watu wa barakoa na mitungi ya hewa wakapishana naye. Nje akavaa miwani yake ya jua, Ray-Ban.

Nokia ikatetemeka.

"Kazi?"

"Imeisha. Wawili mnao. Sumu iko kibandani, haijatoka."

"Mji umepona. Umefanya vizuri, mwanangu. Raia?"

"Mmoja."

"Pole. Ana ndugu wa kupewa taarifa?"

"Kaka yake anajua," alisema. "Mama bado."

Akakata simu, akavuka barabara.