Bibi Marieta Anataka Kukamua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Judica alimnywesha bibi yake uji, kijiko kwa kijiko. Bibi Marieta alikuwa amepata kiharusi, na mkono wake wa kulia, uliozoea kukamua ng'ombe wake, ulilala tu mapajani. Nyumbani kwao Endagikot kila mtu alimhurumia. Hata shuka hakuachiwa ajifunike mwenyewe.

Siku ya kliniki, Nesi Agripina alikaa karibu naye. "Shikamoo, bibi. Ungependa mkono huu ufanye nini tena?"

"Apone tu," mama yake Judica akadakia.

"Nimemuuliza bibi, mama."

Ulimi wa bibi ulikuwa mzito, lakini neno lilitoka. "Kukamua."

Mama akacheka. Nesi hakucheka hata kidogo. "Basi hilo ndilo lengo letu. Dawa za presha asikose. Kikombe cha uji ashike mwenyewe, na kila siku akamue kitambaa chenye maji. Judica, utamsimamia?"

"Nitamsimamia, nesi."

Thubutu! Siku ya kwanza tu bibi alijimwagia uji kifuani, na jirani aliyekuja kuazima jembe akapaza sauti, "Jamani, mnamtesa mzee wa watu!" Judica aliona aibu kweli kweli. Akarudia kijiko chake. Kitambaa nacho akawa anakikamua yeye, bibi akitazama.

Waliporudi zahanati, nesi aliuliza kama bibi anafanya mazoezi.

"Ndiyo, kila siku," Judica akajibu upesi.

Nesi akaweka kitambaa kibichi kwenye kiganja cha bibi. Vidole havikujikunja. "Mazoezi yote hayo, na hakuna mabadiliko?" alisema kwa huzuni. "Labda hii ya kukamua tuiache, bibi. Tutafute lengo jingine."

Bibi aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka. Judica alishindwa kuvumilia.

"Nesi, nimedanganya! Nilikuwa nakamua mimi. Bibi hajajaribu!"

Mama alishika mdomo. Nesi akashusha pumzi ndefu. "Afadhali umesema. Kumbe mkono haujashindwa, haujapewa kazi tu."

Wakaanza upya. Uji ulimwagika sana, Judica akafuta na kumrudishia kikombe. Jirani alipolalamika tena, mama alimjibu, "Mwache amwage." Kitambaa kikatoa tone, baadaye maji. Mahindi yalipokomaa, jioni moja bibi aliketi kwenye kigoda kando ya ng'ombe wake mpole, mama akiwa amemshika ng'ombe kamba. Vidole vikabana polepole, vikateleza, vikabana tena. Chwaa! Maziwa yakagonga ndoo.

"Yametoka!" Judica aliruka, akicheka na kulia. Lo, raha iliyoje!

Mama alijifuta macho kwa kanga. "Tulidhani tunamheshimu kwa kumfanyia kila kitu, kumbe tunamzuia kupona. Mgonjwa msaidie anaposhindwa, anapoweza mwachie. Na nesi akikuuliza, mwanangu, mwambie ukweli. Asipoujua, atatibu nini?"

"Nimeelewa, mama," alisema Judica, akinyoosha mkono kuishika ndoo.

"Toa mkono," bibi akamwambia. "Ng'ombe ni wangu."