Mpika Mawe wa Wandegeya

Gunia la mwisho la makaa katika soko la Wandegeya, Kampala, lilishikwa na mikono miwili kwa mpigo: wa Salme, aliyejitanda leso nyekundu juu ya gauni la maua, na wa kijana mrefu mwenye suruali pana chini, ndio mtindo wa siku zile.

"Kaka, mimi nina wageni. Wewe unapika nini?"

"Napika mawe, dada."

"Mawe!"

"Njoo siku moja nikuonjeshe."

Salme alicheka mpaka akaachia gunia. Basi ndivyo alivyonaswa na Otema, Mwacholi wa kaskazini aliyefundisha historia chuo kikuu. Wakapendana kwa siri, maana baba yake Salme, muuza vitambaa mwenye asili ya pwani, hakutaka kusikia habari za Mwacholi. Na mwaka ule Waacholi walikuwa wakichukuliwa na wanajeshi majumbani mwao, hawarudi. Jina tu lilitosha kumponza mtu.

Siku moja simu ya dukani kwa baba ikalia; alikuwa Otema.

"Salme, roho yangu. Kwa siku chache usinitafute."

"Umepata mwingine, sivyo?"

"Wivu wako utaniua! Siwezi kusema kwenye simu. Nitakuja mwenyewe kwa baba yako."

Ikakatika. Salme alivumilia, akashindwa. Chumbani kwa Otema akakuta kufuli. Filda, mama mwenye nyumba, akamnong'oneza, "Ameondoka na wanaume wawili. Kwa gari."

Kampala ile, maneno hayo yalikuwa tanzia. Salme akakimbilia kwa binamu yake Abubakar, mwanajeshi.

"Nitafutie Otema, mwalimu wa chuo. Labda yuko gereza la Luzira. Nakuomba, ndugu yangu!"

"Otema? Mwacholi?" Abubakar akakunja uso. "Huyo hatunaye. Lakini sasa tutamtafuta."

Ee Mungu, nimefanya nini? Salme akarudi kwa Filda akilia. "Wanaume wenyewe walivaaje, mama?"

"Walivaaje? Si mjomba wake Okeny wa Ntinda, na dereva wake! Wamepakia magunia ya makaa tu, banange!"

"Napika mawe," alisema siku ile sokoni. Salme akaruka ndani ya teksi hadi Ntinda, akafuata moshi. Nyuma ya migomba ya Okeny lilisimama tanuri la udongo, na Otema, kifua wazi, masizi hadi masikioni, alikuwa akipulizia moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi.

"Rudi!" Okeny akafoka. "Mpika chuma hamwoni mpenzi wake mpaka chuma kizaliwe!"

"Askari wanakuja, Otema! Nilidhani umechukuliwa. Nimempa binamu yangu Abubakar jina lako. Mimi, kwa mdomo wangu!"

Mivukuto ikanyamaza. Salme alingoja matusi, na aliona anastahili.

"Ni kosa langu," Otema akasema. "Simu zinasikilizwa. Ukitaja chuma, wao wanasikia bunduki."

"Chuma cha nini, laazizi?"

"Jembe. Babu zangu walioa kwa jembe, na chuma chake walikipika kutoka kwenye mawe. Nawafundisha wanafunzi kwa maneno tu. Kwa baba yako nilitaka nifike na jembe langu mkononi."

Okeny alishalivunja tanuri. Katikati ya makaa kikadondoka kibonge cheusi, hakizidi ngumi. Akakimwagia maji kidogo.

"Hakijatimia. Hapa hakuna jembe. Twende, gari liko tayari. Tushike njia ya Kenya."

"Nami nakuja," Salme akasema.

"Ukikosekana leo, Abubakar atajua pa kutufuata. Rudi dukani uonekane, mpenzi." Otema alikuwa akilia waziwazi. Akakifunga kibonge kwa jani la mgomba, akakitia kapuni mwa Salme. Gari likaondoka.

Njiani kurudi, kwenye kizuizi cha askari, lori la Abubakar lilikuwa likipita kuelekea Ntinda; bila shaka amekwisha kumhoji Filda. Askari akaingiza mkono kapuni.

"Wewe nabeba nini hii?"

Salme akafunua jani la mgomba. "Mahari yangu, afande."

Askari akaangua kicheko. "Nani naoa wewe, maskini hivi?"

"Mpika mawe."

Akamwona punguani, akamsukuma apite.

Dukani, baba yake alikuwa akikunja vitambaa. Salme akaweka kibonge juu ya meza mbele yake. Mzee akakigusa, akarudisha kidole haraka. Kilikuwa bado na joto.

"Nini hiki, binti?"

"Posa, baba. Ya Otema, Mwacholi. Omba afike Kenya salama, ndipo ukatae."